Nguvu 280 Kwenye Foleni ya Mwenge

Saa kumi na mbili jioni jijini Dar es Salaam, Barabara ya Bagamoyo imesimama kuanzia Mwenge. Daladala zimebanana, bodaboda wanapenya katikati kama maji, na nyuma kabisa, magari kumi hivi, kuna kitu kinaguruma. Si mlio wa lori. Ni mlio wa kukatikakatika, kama mtu anatwanga kwenye kinu chenye ufa. Konda aliyening'inia mlangoni hageuki hata kutazama. "Subaru hiyo," anamwambia abiria, "na haina masega."

Konda huyo hajaliona gari, lakini ameshataja chapa yake na upasuaji liliofanyiwa: limetolewa masega, yaani kile kichujio cha moshi kilichomo kwenye ekzosi. Na gari lenyewe wakati huo linakwenda mwendo wa mtu anayesukuma toroli.

Nimeikumbuka sana kauli ile, kwa sababu ndani yake naliona jibu la swali ambalo wake, wakwe na maofisa mikopo wameliuliza miaka mingi bila kuridhika. Mtu ananunua gari zima, linawaka, linatembea, lina kasi kuliko mengi barabarani. Kisha anachukua pesa ya kiwanja na kuanza kulichokonoa. Anatafuta nini?

Wengi hujibu kwamba anatafuta kasi. Mimi nakubaliana nao kwa robo tu.

Robo hiyo tuitendee haki kwanza. Mwaka 1989 watengenezaji wa magari wa Japani walikubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba gari la kuuzwa nchini mwao lisitangazwe kuwa na zaidi ya nguvu za farasi 280. Vifo barabarani vilikuwa vimewatia doa, na waliona heri wajifunge kamba wenyewe kabla ya kufungwa na serikali. Makubaliano hayo yalidumu mpaka 2004, Honda ilipotoa Legend yenye 300. Ndiyo maana ukifungua vijitabu vya mauzo vya katikati ya miaka ya 1990 na kuendelea utacheka. Mitsubishi Lancer Evolution, 280. Subaru Impreza STI, 280. Toyota Chaser ya turbo, 280. Nissan Skyline GT-R, 280. Injini ya lita 2 yenye silinda nne na ya lita 2.6 yenye silinda sita zinafanana tarakimu kama wanafunzi walionakiliana mtihani. Nyingine zilipopimwa zikakutwa na zaidi ya zilichoandikiwa.

Juu ya hapo kuna kizuizi cha kompyuta kinachokata mwendo gari likifika kilomita 180 kwa saa. Hiyo 180 ndiyo nambari ambayo kizazi chetu kizima kiliisoma kwa kubandika paji la uso kwenye kioo cha gari la mgeni, mikono pembeni kuzuia mwanga, kisha kutoa hukumu: "Hii inasoma mia na themanini." Gari la Ulaya lililosoma 240 liliheshimiwa mtaa mzima, hata kama lilikuwa bovu na halijatoka uani tangu Pasaka. Nimewaona watu wazima wakibadilisha dashibodi ili isome 260, na nikawaelewa kabisa.

Kwa hiyo fundi akikwambia "hili gari limefungwa", hadanganyi. Kuna nguvu iliyoachwa humo ndani kwa makusudi, na kuiprogramu upya kompyuta ya injini, na kuongeza kidogo presha ya turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ni kuutumia ufunguo ambao kiwanda kiliuacha juu ya fremu ya mlango.

Zipo na sababu za hapa kwetu ambazo ni za kitabibu zaidi kuliko za ulafi. Petroli ya daraja la juu ya Japani huuzwa ikiwa na oktani (kipimo cha petroli kutolipuka ovyo) inayokaribia 100, na injini za turbo zenye kasi zilipangiwa hiyo. Ya vituo vyetu haifiki huko. Injini ikinyweshwa petroli dhaifu, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake, kompyuta inasikia mgongano, inachelewesha cheche, na zile 280 zinapungua bila mwenye gari kujua. Asipobahatika, siku moja beringi zinasalimu amri, injini inanoki, na anaanza kuulizia bei za injini ya mtumba Gerezani. Kuipangia kompyuta upya kwa petroli ya Tanzania si anasa.

Nairobi wana yao. Mji uko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Mark X ileile inayojidai Tanga ikifika Nairobi inapanda mlima kwa kunung'unika. Turbo husukuma hewa yenyewe, kwa hiyo haiumii hivyo. Mkenya anapokwambia hawezi kuendesha gari lisilo na turbo, sehemu ya maneno hayo ni majigambo, lakini sehemu nyingine ni jiografia.

Kisha kuna makosa ya kiwanda chenyewe. Subaru Legacy B4 ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipewa turbo mbili zinazopokezana, ndogo ya kuanzia na kubwa ya kumalizia. Katikati, moja inapomkabidhi mwenzake kijiti, kuna bonde: unakanyaga, gari linasita kama limesahau lilikokuwa linakwenda, halafu linakurupuka. Ukisita hivyo huku unalipita lori, utamkumbuka Mungu wako. Aliyezing'oa zote mbili na kuweka turbo moja iliyo timamu, mimi simshangai.

Robo yangu imeishia hapo. Sasa jirani.

Jirani yangu alikuwa na Legacy GT, sedani, toleo lililokuja baada ya lile la turbo mbili. Wajapani walikuwa wamejirekebisha. Waliweka turbo moja yenye mlango wa mikondo miwili, na manifodi ya ekzosi yenye mabomba ya urefu uliosawazishwa, ili moshi wa kila silinda ufike kwa zamu bila kusukumana. Turbo huamka mapema, gari huvuta vizuri tangu chini. Ni kazi nzuri ya uhandisi, ila ina kasoro moja: haina mlio. Ule mtwango wa Subaru ulitokana na manifodi ya zamani, ambayo mabomba ya upande mmoja ni marefu kuliko ya upande wa pili, moshi unafika kwa kupishana vibaya, na sikio linasikia dosari hiyo kama muziki. Ukisawazisha mabomba, Subaru inalia kama gari lingine lolote.

Basi jirani akaagiza manifodi ya mabomba yasiyolingana. Kwa kuwa ile ya awali ilikwenda na turbo ya mikondo miwili, ikabidi na turbo ibadilishwe, iwekwe ya mkondo mmoja. Fundi alikuwa mkweli, nilikuwepo. "Kaka, itachelewa kidogo kuamka." Jirani akamjibu, "Iache ichelewe. Mimi nataka isikike."

Amelipa karibu bei ya bodaboda mpya ili gari lake lichelewe. Wanaodai vijana hawa wanatafuta kasi waeleze hilo.

Maelezo yangu ni haya. Nguvu 280 zinahitaji barabara, na barabara yenyewe ni ipi? Kutoka Tegeta mpaka Posta una taa, foleni na madimbwi. Ukitoka mjini kuna vibao vya 50 kila penye nyumba tatu, matuta yasiyo na rangi, na askari mwenye tochi ya kupima mwendo aliyekaa chini ya mwembe. Kwa wiki nzima, dakika ambazo mwenye STI anaweza kukanyaga mafuta mpaka chini bila kuhatarisha leseni yake au mtoto wa mtu zinahesabika kwa vidole. Nguvu hizo ni pesa iliyo kwenye akaunti isiyo na tawi.

Sauti haihitaji barabara. Sauti inafanya kazi kwenye mwendo wa kilomita 5 kwa saa, inafanya kazi gari likiwa limesimama, inamfikia hata yule aliyekupa mgongo. Rimu pana zinaonekana zaidi kwenye foleni kuliko kwenye mwendo. Gari lililoshushwa linatazamwa vizuri likiwa limeegeshwa nje ya ukumbi wa harusi. Ukichunguza ni marekebisho gani yanafanywa kwanza katika miji yetu, utaona yamechaguliwa na foleni. Mtu huyafanyia gari lake yale yatakayosomeka pale ambapo gari linashinda.

Anataka yasomeke na nani, na yaseme nini? Hapa suala la mtumba linaingia, na nadhani hatulipi uzito wake.

Karibu kila sedani yenye nguvu iliyoko Afrika Mashariki ilikuwa ya mtu mwingine kwanza. Mjapani fulani aliichagua rangi, akaitunza, akaichoka. Sisi tunaichukua kwa picha, na dirishani bado ina kibandiko cha maandishi tusiyoweza kuyasoma. Ikishuka bandarini Kurasini inapewa namba, na namba hiyo inakuwa umri wake wa pili. Kwetu unasema "namba D", "namba E", kwa herufi ya usajili inayosonga mbele kadiri miaka inavyokwenda, na kila mtu ameshakadiria mfuko wako. Kenya wanafanya vilevile na KC na KD zao. Mwenye gari la namba B, hata likiwa Impreza WRX aliyohangaika nayo miaka kumi, kwenye mizani hiyo anahesabiwa yuko nyuma ya kijana mwenye Vitz iliyosajiliwa juzi.

Marekebisho yanaivunja mizani hiyo. Mbele ya wanaojua, WRX ya namba B yenye breki kubwa, intakula (kipoza hewa ya turbo) mpya na injini iliyojengwa upya haiulizwi herufi. Inaulizwa fundi wake ni nani. Gari limezaliwa mara ya tatu, na safari hii mwenye kuzalisha ni mwenye gari. Akikwambia "hii nimeijenga", lisikilize hilo neno. Hilo ndilo neno tunalolitumia kwa nyumba.

Kenya wana msukumo wa ziada, kwa sababu nchi hiyo hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Lancer Evolution ya mwisho ilitengenezwa 2016, kwa hiyo mlango umeshafungwa. Injini ya EJ20, iliyoipa Impreza umaarufu, ilihitimishwa Japani kwa toleo la kuagia la magari 555 tu. Zilizokwisha kuingia ndizo hizohizo, zinazidi kupungua kwa kila moja inayoishia mtaroni. Tanzania hatuna katazo kama hilo, tuna ushuru wa ziada kwa gari kuukuu, lakini hesabu inaelekea kulekule. Kitu kisicho na mbadala hakitupwi, kinafanyiwa ukarabati, na mtu akishafungua injini ni nadra kuirudisha ilivyokuwa.

Na kwa nini sedani, si gari la milango miwili la kukimbilia? Kwa sababu Desemba ipo. Gari hili lazima libebe mke, watoto watatu, na mfuko wa mchele, lipite Chalinze, Segera, Korogwe na Same mpaka Moshi, kisha lirudi na mkungu wa ndizi kwenye buti. Mwanaume wa Kichaga anayejiheshimu hawezi kufika kwao na gari ambalo mama yake atapandia kwa kukunjwa. Milango minne ndiyo hoja inayompitisha mbele ya baraza la familia. "Ni gari la familia," anasema, na si uongo. Hataji tu kilicho chini ya boneti.

Historia inamwunga mkono. Kanuni za mbio za magari za kundi A zilimtaka mtengenezaji auze magari 2,500 ya barabarani yanayofanana na lile la mbio, ndipo sedani za kubebea watoto zikapewa moyo wa Safari Rally. Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne kwenye Safari ya 1994 akiwa na Impreza. Tommi Mäkinen akashinda ya 1996 na Lancer. Colin McRae akaja kushinda ya 1997 na Impreza, ingawa ile yake ilikuwa ya milango miwili, jambo ambalo mashabiki wengi hawapendi kukumbushwa. Walioyaona magari hayo yakipita kwenye vumbi wakiwa na miaka kumi, leo wana miaka arobaini na mshahara. Sihitaji mtaalamu wa saikolojia anieleze kwa nini wanapaka bluu na kuweka rimu za dhahabu kama Subaru za mbio zile.

Upande ambao siuvumilii ni wa kunakili alama na kuacha maana. Boneti ya WRX ina tundu kwa sababu intakula imelala juu ya injini na inahitaji upepo. Leo unakutana na Impreza ya lita 1.5, haina turbo wala intakula, na juu ya boneti imebandikwa tundu lisilo na tundu. Rimu ya Rays TE37 iliitwa hivyo kwa sababu ya uzito wake: ile ya inchi 15 ilikuwa na kilo 3.7 tu. Wepesi ndio ulikuwa mantiki yake yote. Bandia zake zinazouzwa mjini zimeiga spoku sita na zimesahau mizani, kwa hiyo mtu ananunua rimu nzito kuliko alizozitoa, na gari linakuwa zito miguuni huku limevaa viatu vya mkimbiaji. Yule aliyebadilisha manifodi alipoteza nguvu kidogo akapata sauti ya kweli. Huyu amepoteza nguvu akapata picha ya kitu.

Kuna na suala la masega, ambalo lina siri ya gereji. Masega yale yaliyomo kwenye ekzosi yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ghali, na mjini kuna wanunuzi wake. Fundi anayekushauri kwa upole kwamba "haya yanabana pumzi ya gari, tuyatoe" huenda ana sababu mbili za kukushauri, na moja ataiweka mfukoni jioni. Wewe unabaki na sauti. Majirani wanabaki na harufu. Nami niliwahi kuyatoa kwenye Altezza yangu na nilichovuna ni usingizi mbovu wa mtoto wangu mwenyewe, maana nilikuwa narudi saa tano usiku, na mlio ulianza kuniaibisha tangu kona ya msikiti. Nilijifunza kuzima injini nikiwa bado kwenye mteremko.

Jambo la mwisho la kulaumu ni mpangilio wa matumizi. Pesa inaanzia kwenye ekzosi, inapita kwenye rimu, inafika kwenye turbo, na breki zinasubiri mgao ujao. Matairi yanasubiri zaidi. Nimeona gari lenye turbo mpya ya kutoka Dubai likiwa limevaa matairi ya mtumba yaliyokauka ubavuni, ambayo kwa mwendo wa Vitz tu yangetia shaka. Lawama si ya ujinga peke yake. Breki hazisikiki. Hakuna konda atakayesema "hiyo Subaru ina pedi nzuri." Maadamu kinachonunuliwa ni kutambuliwa, kila kisichotambulika kitasubiri. Ukimkuta mwenye gari aliyeanza na breki na matairi kabla ya kugusa ekzosi, muulize amejifunzia wapi. Mara nyingi atakuonyesha kovu.

Cha ajabu, soko halilipi hata senti ya kazi yote hiyo. Fungua matangazo ya magari: sifa inayopandisha bei ni "haijaguswa", "injini haijafunguliwa", "kila kitu orijino". Gari lililojengwa kwa miaka sita linapigwa panga bei kwa sababu limejengwa. Wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wengi hawatupi walichong'oa. Chini ya vitanda vya jiji hili kuna ekzosi, springi na taa za kiwandani zinazosubiri siku ya mnada.

Jirani yangu aliuza ile Legacy mwaka jana, ada za shule zilimbana. Manifodi ya awali, ile iliyosawazishwa, alikuwa nayo stoo, imefungwa kwenye kiroba cha saruji, pamoja na turbo yake. Mnunuzi, kijana wa miaka ishirini na kitu, shati limechomekewa kama mtu anayekwenda kuposa, alikuja na kaka yake mkubwa. Jirani akaanza kumweleza kwa adabu kwamba vitu vya kiwandani vipo, akitaka fundi atavirudishia kabla ya makabidhiano, gari litakuwa jepesi tangu chini na litatulia mlio.

Kijana akaomba ufunguo. Akaliwasha, akaacha mlango wazi, akasimama nje na kulisikiliza, kama dakika nzima hivi, bila kugusa mafuta. Kaka yake akawa anatazama simu.

"Hicho kiroba," kijana akasema, "baki nacho tu, bro."